Kikombe Kabla ya Sumu

Mwaka 2010 watafiti wawili wa India walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa panya. Waliwanywesha dondoo la mizizi ya kichaka cha miiba kiitwacho Carissa spinarum na kuwapa kaboni tetrakloridi, kemikali inayoharibu ini. Kundi jingine lilipewa parasetamoli kupita kiasi. Maini ya panya walionyweshwa mizizi yaliumia kidogo kuliko ya wenzao. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2011, magari yalianza kupita Mto wa Mbu na Engaruka, yakaambaa na Ziwa Natron hadi kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe kimoja kwa kila mtu kwa shilingi 500. Alichokuwa akichemsha ni mizizi ya mugariga, ambao Wamaasai huuita olamuriaki. Ni kichaka kilekile cha panya wa India.

Babu hakujinadi kwa ini. Aliwaita wenye UKIMWI, saratani, kisukari, pumu na shinikizo la damu. Hata hivyo swali la ini halijaondoka huku kwetu. Lipo mnadani Karatu, penye magunia ya magome na mizizi, na lipo kwenye majaruba ya vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, penye harufu ya dawa kuanzia alfajiri: je, mti unaweza kulikinga ini lisidhuriwe na sumu?

Nimewakalisha watu kwenye benchi moja ili wabishane. Wao ni wa kubuni, ila hoja zao zinatembea kila siku kati ya Endulen na Karatu mjini. Yupo mkulima wa vitunguu, mama wa Kimaasai anayeuza dawa, ambaye wenzake humwita yeyo, tabibu kijana wa kike, na mtafiti wa mitishamba aliyetoka Dar es Salaam. Bwana shamba atakuja kwa kuchelewa, kama kawaida yake.

Mkulima: Swali langu ni dogo. Napiga dawa kwenye vitunguu kila wiki, na wadudu wakizidi napiga mara mbili. Jioni kichwa kinagonga, mdomo mchungu, nyongo inapanda. Zamani nilikuwa nakunywa maziwa nusu lita nikitoka shambani, kama marehemu baba alivyonifundisha. Siku hizi mke wangu ananichemshia mizizi ya huyu yeyo hapa. Ini langu limekingwa au halijakingwa?

Tabibu: Shikamoo mzee. Kabla ya ini, tuanze na hicho kichwa. Dawa nyingi za wadudu mnazopiga ni za jamii ya oganofosfeti, na hizo hukimbilia mishipa ya fahamu kwanza. Mate yanajaa, jasho linatoka, mboni ya jicho inasinyaa, kifua kinabana. Mtu akiletwa katika hali hiyo tunampa atropini, na tunampa haraka. Ukikaa nyumbani unasubiri mizizi ichemke, utakuwa umepoteza saa uliyoihitaji.

Mkulima: Na maziwa?

Tabibu: Bomba lako linavuja mgongoni, kweli si kweli?

Mkulima: Linavuja. La nani halivuji?

Tabibu: Basi sumu imeingia kwa ngozi, maziwa yameingia kwa mdomo. Vitakutana wapi? Na kama uliimeza, zipo sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, na hizo maziwa yanaweza hata kuzisaidia kupenya tumboni.

(Niingilie kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta asilimia 68 wakisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Kwa hiyo mkulima wetu asidhaniwe kuwa ni mtu wa ajabu. Wa ajabu ni yule ambaye hajaumwa.)

Mama wa dawa: Mimi nimewasikiliza. Sasa niwaulize: nani alimwambia huyu mwanangu anywe mzizi baada ya sumu? Sikumwambia mimi. Sisi mti wa olkiloriti tunautia kwenye supu ya nyama. Vijana wakienda olpul, kambini, kula ng'ombe, magome na mizizi viko kwenye sufuria tangu siku ya kwanza, wakati hakuna hata mmoja anayeumwa. Ninyi mnaitafuta dawa mkishaugua. Sisi tunaila pamoja na chakula.

Mtafiti: Yeyo, hapo umegusa jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Mama wa dawa: Najua ninachokigusa, baba. Endelea.

Mtafiti: Mwaka 1999 Timothy Johns na wenzake, pamoja na Mahunnah wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, walichapisha utafiti juu ya mimea ambayo Wabatemi wa hapahapa Ngorongoro, hao tunaowaita Wasonjo, huitia kwenye chakula chao. Waliitazama na ya Wamaasai pia. Kiasi cha asilimia 80 ya mimea hiyo, kwa makabila yote mawili, ilikuwa na saponini au fenoliki. Wao walikuwa wakifikiria lehemu kwenye damu za watu wanaokula nyama na maziwa kwa wingi, hawakupima ini. Lakini mpangilio ni huohuo anaousema yeyo: kidogo kidogo, pamoja na chakula, kabla ya madhara. Na panya wa maabara nao hufanyiwa hivyo. Katika majaribio mengi ya namna hii, panya hunyweshwa dondoo kwa siku kadhaa, ndipo anapewa sumu. Kisha tunapima damu. Seli za ini zikipasuka, vimeng'enya kama ALT humwagika kwenye damu. Vikiwa vichache, tunasema dondoo limekinga.

Mkulima: Kumbe panya anakunywa kwanza.

Mtafiti: Mara nyingi, ndiyo.

Mkulima: Mimi nakunywa mwisho.

Hapo benchi lilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kosa hili limejaa hata kwenye magazeti. Mtu anasoma kwamba mmea fulani umelinda ini, halafu anaupeleka kwa mgonjwa ambaye macho yameshageuka manjano. Jaribio halikusema chochote kuhusu mgonjwa huyo.

Mtafiti: Na kuna jambo la pili, ambalo sisi wa maabara hatulitangazi sana. Kaboni tetrakloridi ikiingia mwilini bado haijawa kali. Ini lenyewe, kwa kutumia kimeng'enya chake kimoja, ndilo linaloigeuza kuwa kipande kikali kinachorarua kuta za seli. Parasetamoli nayo ni hivyohivyo: ikizidi, ini hutengeneza kitu kinachokula akiba ya glutathioni hadi ikwishe, ndipo seli zinapokufa. Kwa hiyo mmea wowote unaopunguza kasi ya vimeng'enya hivyo utashinda jaribio la panya, hata kama haujaponya chochote.

Mama wa dawa: Yaani mzizi wangu unamfunga mikono mpishi wa sumu.

Mtafiti: Inawezekana. Au unaongeza akiba ya kinga. Au yote mawili.

Tabibu: Samahani, profesa, hapo ndipo ninapoogopa mimi. Mpishi huyohuyo, pamoja na ndugu zake, ndiye anayepika dawa zetu. Nina mgonjwa wa kifua kikuu anayekunywa rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, dawa ambazo zenyewe huweza kuliumiza ini. Nina mwingine wa ARV. Ukimfunga mpishi mikono, dawa zinaweza kujaa mwilini kuliko kipimo. Ukimharakisha, zinakwisha kabla ya kufanya kazi. Kila anayeniambia "hii ni miti tu, haina madhara" huwa namuuliza: kama ina nguvu ya kuzuia sumu, itakosaje nguvu ya kuzuia dawa?

Mama wa dawa: Sasa hiyo ni hoja. Ungeanza nayo, badala ya kuanza na maziwa ya watu.

Mkulima: Mimi nilikwenda Samunge mwaka ule. Nilikunywa kikombe, nikarudi, nikalima. Sikufa.

Tabibu: Wapo waliokufa wakiwa foleni, mzee. Kufikia mwisho wa Machi 2011 vyombo vya habari vilikuwa vimeripoti zaidi ya 50. Wengi walitolewa hospitalini wakiwa mahututi. Na wapo walioziweka ARV kando wakiamini wamepona.

Mkulima: Serikali ilisema dawa ni salama.

Mtafiti: Ilisema haina sumu kwa mnywaji. Hilo ni jibu la swali moja. Swali la pili ni kama inatibu, na la tatu ni kama inafaa kunywewa kila siku kwa miaka. Babu alitoa kikombe kimoja, basi. Panya hunyweshwa siku baada ya siku. Na kuna jambo jingine linaloniumiza kichwa: sisi mara nyingi tunaloweka mzizi kwenye ethanoli, tunaukausha, tunapata unga mzito. Babu alichemsha kwa maji. Yeyo anachemsha kwa maji, au kwenye supu yenye mafuta. Vinavyotoka kwenye mzizi kwa ethanoli si lazima vitoke kwa maji. Tumepima kitu ambacho yeyo hajawahi kukiuza.

Mama wa dawa: Mkiandika kwenye vitabu vyenu, mnaandika jina la mti wangu.

Mwasapile alifariki Julai 2021. Kitu kimoja ambacho sijawahi kukiona kikisemwa kwa haki kuhusu Samunge ni kwamba watu wale hawakukimbia hospitali kwa ujinga. Walikuwa na magonjwa ambayo hospitali yenyewe ilikuwa imewaambia kuwa hayaponi. Tabibu wetu, kwa umri wake, alikuwa shuleni wakati huo, na anaongea kwa uhakika wa mtu ambaye hakulazimika kumkatalia mama yake nauli ya kwenda Loliondo.

Tabibu: Tuseme pia upande ambao hausemwi mnadani. Mimea huua maini. Afrika Kusini kuna mzizi uitwao impila, ambao umeua watu wengi kwa kuharibu ini na figo. Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wachanga walipewa mafuta ya mwarobaini wakaugua vibaya, ini likajaa mafuta. Mwarobaini, huo tunaousifu kwa magonjwa arobaini! Manjano je? Kwenye pilau hayana neno. Lakini Italia na Marekani watu wamepata homa ya ini kwa vidonge vya manjano vilivyokolezwa, vingine vikiwa na dondoo la pilipili manga ili yafyonzwe zaidi. Watu hao walikuwa wanatafuta afya.

Mama wa dawa: Impila siuzi. Hata jina lake nimelisikia leo. Mwanangu, mti wa olmukutan nao ukizidi unamwangusha mwanamume mzima. Kila mama kwetu anajua hilo, na anajua ni gome la wapi na kipimo gani kwa mtoto. Unayesema anaua ni mfanyabiashara anayesaga magome saba, anayatia kwenye chupa, anabandika karatasi. Huyo mfuateni. Mimi cheti cha Baraza ninacho.

(Baraza analolisema ni la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti kinamtambua mganga. Kipimo cha sufuria yake hakimo humo.)

Mkulima: Hivi hakuna mti hata mmoja duniani ambao hospitali inautumia kwa ini?

Tabibu: Upo. Ulaya kuna uyoga mmoja wa sumu, Amanita phalloides. Anayeula, hospitali huko humtundikia silibinini, inayotokana na mbegu za mbigili maziwa. Inasaidia kuzuia sumu isiingie kwenye seli za ini. Maabara nako, dondoo la mbegu hizo, silimarini, ndilo kipimo cha kulinganishia karibu kila mmea mpya. Lakini hata huko Ulaya silibinini haijawahi kupimwa kwa jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa kura. Nani atamnyima mtu anayekufa? Kwa parasetamoli tunayo dawa bora zaidi, asetilisisteini, na hiyo haitoki mtini. Ikitolewa ndani ya saa 8 baada ya kumeza, karibu kila mtu hupona.

Mtafiti: Na upo ushahidi mwingine mzuri zaidi kwa hoja ya yeyo. Qidong, China, watu walikuwa wakila mahindi yenye sumukuvu, na saratani ya ini ilikuwa imeenea. Mwaka 1997 watu wazima 180 waligawanywa: nusu walipewa klorofilini, iliyotengenezwa kutokana na kijani cha majani, miligramu 100 kila mlo kwa miezi minne. Alama ya sumukuvu iliyoharibu vinasaba, inayoonekana kwenye mkojo, ilipungua kwa asilimia 55. Hao ni watu, si panya. Na walikunywa pamoja na chakula, sumu ikiwa bado tumboni.

Mama wa dawa: Kama supu.

Mtafiti: Kama supu, yeyo.

Bwana shamba alikuwa amefika wakati huo, ameegesha pikipiki, amesimama. Hakusubiri kukaribishwa.

Bwana shamba: Profesa, na huko Qidong saratani ilipungua kwa sababu ya vidonge?

Mtafiti: Hapana. Nikiri hilo. Ilipungua kwa sababu watu waliacha mahindi wakahamia mchele, tangu miaka ya 1980.

Bwana shamba: Ndiyo hivyo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara, Chemba na Kiteto huko, watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumukuvu na wapatao 20 wakafa. Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, waliugua 317 wakafa 125. Mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na unyevu, yakalundikwa chini. Hapa Karatu mnafanya nini na mahindi yaliyovunda? Mnachambua, safi! Halafu yale mabovu?

Mkulima: Yanakwenda kwenye pombe. Na kuku.

Bwana shamba: Basi mnayanywa. Na kuku mnawala.

Tabibu: Ongeza homa ya ini aina ya B. Shanghai walipima: mwenye virusi peke yake hatari ya saratani ya ini ilikuwa karibu mara 7, mwenye sumukuvu peke yake karibu mara 3, mwenye vyote viwili karibu mara 60. Chanjo ya watoto ilianza kutolewa nchini mwaka 2002. Mzee, wewe ulizaliwa kabla. Umewahi kupima?

Mkulima: Hakuna aliyewahi kuniambia nipime. Nimeambiwa nisinywe maziwa, nisinywe mzizi, nisinywe pombe. Glavu na miwani na koti la plastiki, jumla shilingi ngapi? Kule Mang'ola, jua la Eyasi, koti la plastiki unalivaa robo saa tu. Na dalali haniulizi kama nilivaa glavu. Anauliza kama kitunguu ni kikubwa. Fungu la mizizi ya yeyo naliweza. Ndiyo maana nalinunua.

Nadhani hii ndiyo kauli iliyopaswa kufungua mjadala, na ningekuwa na ubavu ningeipeleka juu kabisa ya ukurasa. Maabara nyingi zinashindana kutafuta mmea utakaomkinga mkulima dhidi ya sumu ambayo ameuziwa dukani, kwenye chupa iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma, aipige kwa bomba linalovuja. Mmea huo ukipatikana kesho, sina hakika kama nitafurahi. Utakuwa leseni ya kuendelea kuvuja.

Mtafiti: Lakini ndugu mwandishi, bomba halitazibwa kesho. Kesho ataamka apige dawa. Mimi ningependa kupima hapa hapa: wapigaji wa Mang'ola, damu kabla ya msimu, katikati na mwisho. Nusu wanywe mchemsho, uchemshwe na yeyo mwenyewe kwa maji yake, sio ethanoli yangu. Waanze wiki kadhaa kabla.

Tabibu: Na hiyo nusu nyingine utaiangalia ikiungua? Mimi sitasaini. Ukitaka nisaini, wote wapewe glavu, mabomba mazima na chanjo.

Mtafiti: Wote wakipewa hivyo, huenda sumu itakuwa ndogo kiasi kwamba sitaona tofauti yoyote ya mzizi.

Bwana shamba: Na hilo litakuwa baya kwa nani?

Mtafiti: Kwa karatasi yangu tu.

Mama wa dawa: Na jina langu kwenye hiyo karatasi litakaa wapi? Mwanzo au kwenye shukrani mwishoni?

Mtafiti: Tutaandikiana kabla ya kuchimba hata mzizi mmoja.

Tabibu: Mimi nina ombi moja kwako, mama. Wagonjwa wakija kwangu hunificha walichokunywa. Namtibu mtu nusu gizani.

Mama wa dawa: Wanaficha kwa sababu mnawagombeza mbele za watu.

Tabibu: Sitagombeza. Mnunuzi akikuambia ana dawa za hospitali, mpe kipande cha mzizi wenyewe aje nacho. Na akiwa na macho ya manjano, usimuuzie, nielekezee.

Mama wa dawa: Mwenye macho ya manjano tangu zamani simuuzii. Kipande nitampa. Na wewe ukishapima hiyo damu, nitumie majibu kwa maneno ninayoyaelewa, sio herufi za ALT.

Mkulima: Damu ni yangu, yeyo. Nisomewe mimi kwanza.